Mama Mkwe Aenda Kutalii Mwanza

Pale Kisesa, ukiuliza ni mwanamke gani asiyejua kusahau, watoto wa chekechea watakushika mkono wakupeleke kwenye kibanda cha Evelina Mhoja. Mkanyage mguu leo kwa bahati mbaya, na mwakani atakukumbusha ulikuwa umevaa kiatu gani.

Alikuwa muuza dagaa na furu wakavu, kando ya barabara ya Musoma. Mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga, na meno mazuri ambayo hakuyaonyesha ovyo. Nyumba yake ya bati aliijenga kwa dagaa. Binti yake Dorcas akasoma ualimu kwa dagaa. Na kisasi chake nacho, kama unataka kujua, kilianzia kwa dagaa hao hao.

Zamani, Evelina angali msichana, aliolewa na Pius Luhaga. Ng'ombe walitoka kwa kina Luhaga mchana kweupe wakaingia zizini kwa baba yake, watu wakacheza ngoma mpaka vumbi likatua juu ya paa. Maharusi wakahamia Igoma, Pius akapata kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli moja ya mjini. Hapo ndipo pua ilipomwota. Akirudi nyumbani ananusa mlangoni, ananusa shuka, anamnusa mke. Mpaka siku moja, mbele ya wapangaji wote, akasema:

"Evelina, unanuka dagaa. Mimi nahudumia mabwana wakubwa. Siwezi kulala na samaki."

Akamtolea nje ndoo yake ya nguo. Evelina akarudi Kisesa ndoo kichwani, Dorcas tumboni.

Baba yake aligoma kurudisha ng'ombe, kwa kuwa kosa halikuwa la binti. Pius naye hakuja kuwadai, maana alikuwa na lake. Mjini alishakutana na Getruda, msichana wa kwaya mwenye mikono laini, akamwambia hajaoa tangu azaliwe. Padri alipouliza, Pius akaapa vivyo hivyo, na macho makavu. Basi akawa mtu wa sehemu mbili: Kisesa ana mke, Mwanza alikuwa kapera mpaka siku ya harusi yake na Getruda.

Evelina angeweza kumwachia Mungu. Alijaribu hata, Kwaresima mbili tatu. Lakini mwaka wa tisini na tano Dorcas akachumbiwa, na kabla maneno ya posa hayajapoa, Pius akatuma mtu: siku ng'ombe wa Dorcas watakapoletwa, yeye baba mtu atakuja kukaa kwenye kiti cha baba na kuwapokea. Tena atawauza anunue injini ya boti, awe anapeleka wazungu kisiwani Saanane. Huyo ni mtu ambaye hakuwahi kumnunulia yule mtoto hata penseli!

Evelina alifunga kibanda akaenda kwa baba yake mdogo, mzee Chenge, mkubwa wa ukoo tangu baba yake mzazi afariki. Alimkuta anachokonoa meno.

"Baba mdogo, yule mtu aje hapa akalie kiti cha baba?"

"Ng'ombe wake walikuja, hawakuja?"

"Walikuja."

"Nyama tulikula, hatukula? Basi mtoto ni wake. Tukimfukuza, watu watasema sisi ndio wabaya."

"Lakini mjini amemwapia padri kwamba hakunioa!"

"Mimi ni padri?" Chenge akatema kijiti. "Ya mjini yabaki mjini. Aje amkane mama yako ana kwa ana, nikiwa nimesimama hapo na macho yangu haya. Akifanya hivyo, ng'ombe wake wamekufa na Dorcas ni wetu. Asipofanya hivyo, mwandalie kiti na chai."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wasukuma wa upande huu, mkwe si mtu wa mzaha. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaacha njia, anachuchumaa kando na kuanza kuchunguza majani kana kwamba ameangusha sindano. Hamshiki mkono. Hamtazami usoni. Hatii tonge mdomoni mbele yake. Mama mkwe naye anavuta kanga na kumeza maneno yake yote, hata kama mkwe mwenyewe ni mwizi wa kuku. Anayemshika mkono mama mkwe amesema, bila kufungua kinywa, kwamba yule si mkwe wake na binti yake hakuwa mke. Pius, pamoja na sabuni zake za hotelini, alizaliwa na kukulia huku. Jambo hilo lilikuwa kwenye mifupa yake.

Evelina akarudi kuuza dagaa. Akawa mpole, anaongeza wanunuzi kiganja kizima bila kuombwa. Majirani wakaogopa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara amekigeuza duka, mitumba imejaa hadi mitaroni, na hoteli ile ya Pius imeuzwa kwa mtu binafsi na wahudumu wa zamani wakapunguzwa. Lakini Pius hakulala njaa, mdomo wake ulikuwa na kazi hata bila yeye. Shaibu, mfanyabiashara ambaye baba yake aliuza vitenge, alikuwa ameanzisha kampuni ya kutembeza wageni, akaiita Mwamba Safari. Alinunua Haisi iliyochoka, akachora ubavuni ndege tai aliyetoka anafanana na kuku wa mayai, akamwajiri Pius awe mwongoza watalii. Kofia ya majani, miwani myeusi, fimbo ya kuonyeshea. Wazungu walimpenda. Aliwaambia Mjerumani alilala hapa, Mjerumani alikojoa pale, wakaandika.

Evelina akavaa gauni la Krismasi, akaingia ofisini kwa Shaibu siku ambayo Pius yuko nje na wageni.

"Kaka Shaibu, ninyi mnatembeza wazungu tu?"

Shaibu akacheka. "Dada'ngu, Mwafrika gani atanilipa aone mawe? Si mmezaliwa kwenye mawe?"

"Mama yangu ameishi mwendo wa basi kutoka hapa, hajawahi kuona nyumba ya Mjerumani. Hajui mji huu ulianzaje. Mzungu anatoka kwao na ndege aje kuona, yeye afe hajaona?"

Shaibu aliacha kucheka. Huyo ni mtoto wa duka, harufu ya biashara huisikia kabla haijafika. Akaona akina mama wa Kisesa, kwaya za Magu, walimu wa Misungwi, wote wamejipanga mlangoni.

"Njooni," akasema. "Nitapanda gari mwenyewe, nipige picha za tangazo. Watalii wazalendo! Nitawapa mtu wangu bora kabisa."

"Ndiye huyo huyo tunamtaka," alisema Evelina.

Siku ya safari akamleta mama yake, Mama Masalu, bibi mkavu aliyenyooka kama mwiko, asiyejua lolote zaidi ya kwamba anakwenda kutembezwa. Akamleta na mzee Chenge, amevaa koti la sufu juani. Na wauza dagaa wenzake watatu wa kujaza viti. Shaibu aliwapokea kwa soda. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, Pius akatoka na fimbo yake, meno yote nje.

"Welkamu, welkamu, karibuni Mji wa Miamba—"

Akamwona mama mkwe. Lo! Kofia ilianguka upande huu, yeye akaangukia upande wa pili, nyuma ya Haisi. Mama Masalu akavuta kanga hadi puani na kugeukia ukuta.

"Evelina," alinong'ona ndani ya kanga, "umenileta nimtazame mkwe?"

"Nimekuleta utazame mji, mayu. Tazama mji."

"Nirudishe nyumbani."

"Gari limeshalipiwa."

Bibi akapanda, maana aliyelala njaa miaka mingi hapendi kuona kitu kilicholipiwa kinapotea. Pius akakaa mbele kabisa, shingo imekakamaa, hakugeuka hata nzi alipomtua sikioni.

Ndani ya kichwa chake, alikwisha kujua. Aliona Evelina amekuja kumwumbua mbele ya bosi. Mke wa Shaibu alishonewa nguo na Getruda. Neno lolote likidondoka kwenye Haisi hii asubuhi, jioni lingekuwa limelazwa mezani kwake pamoja na ugali. Kwa hiyo akaweka nadhiri: leo hamjui mtu. Ulinzi wote akauweka upande wa Mwanza. Upande wa Kisesa akauacha wazi, milango na madirisha.

Walianzia kwenye mnara wa saa wa katikati ya mji. Wageni wakajipanga, Evelina akamsogeza mama yake mbele kabisa. Pius akatoweka, kisha sauti ikatokea nyuma ya mnara:

"Hapa, mabibi na mabwana, kuna kibao cha Mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu, kutoka kilima kile cha Isamilo..."

"Kumbe saa yenyewe inazungumza?" akauliza Chenge.

Wauza dagaa wakacheka. Shaibu akashusha kamera. "Pius! Unaongea na nani huko?"

"Kuna jua, bosi. Nimesogea kivulini."

"Wageni wako juani, mwongozaji yuko kivulini? Njoo huku!"

Akaja akitembea kwa ubavu kama kaa, uso ameuelekezea posta. Evelina akapandisha sauti:

"Samahani, baba mwongozaji! Huyu mzungu alipofika, wazee wetu hawakuwa wameliona ziwa?"

"Waliliona."

"Sasa yeye ndiye wa kwanza kivipi?"

"Wa kwanza... wa kwanza kati ya wasiokuwepo."

"Ahaa. Kama mtu akidai amekuwa baba wa kwanza wa mtoto ambaye hakuwepo akikua."

Pius akaukazia uso upande wa posta. Evelina akajisikia vizuri kuliko siku aliyoezeka nyumba. Lakini huo ulikuwa uchokozi tu; alichotaka bado kilikuwa mbali, na bibi bado yuko ndani ya kanga.

Wakashuka ziwani, kwenye Jiwe la Bismarck. Lile jiwe nalo lina maringo yake, limekaa juu ya mengine kama mtu aliyepakatwa, na mijusi yenye vichwa vyekundu inapiga pushapu juani. Pius safari hii alikuwa amepata akili: alisimama ukingoni, mgongo kwa wageni, uso ziwani, akihubiria maji. Evelina akamshika mama yake kiwiko.

"Sogea huku, mayu, huku ndiko linaonekana."

Wakasogea kulia. Pius akasogea kushoto. Wakazunguka kushoto. Pius akarudi kulia, hana pa kwenda, na mama mkwe anakuja polepole akitazama chini kama anayefuata siafu. Pius akarudi nyuma. Hatua, na nyingine, mpaka viatu vyake vya ngozi vikazama, maji yakafika kwenye magoti, kofia ikadondoka ikaelea.

"Pius!" Shaibu alipiga kelele. "Umeajiriwa kutembeza au kuvua?"

"Nawaonyesha kina, bosi."

"Toka humo! Hii picha nitaiandika nini chini yake?"

Alipotoka, suruali imegandamana na miguu, mwani umemnasa kwenye soksi. Evelina akapita karibu yake, akavuta hewa taratibu kwa pua, kama mtu anayechagua sabuni dukani.

"Mh," akasema. "Mwongozaji unanuka ziwa. Getruda hatalala na samaki leo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno uso kwa uso tangu siku ile ya ndoo. Pius akamnong'oneza kwa hasira, midomo haitikisiki: "Unataka nini, Evelina? Unataka nifukuzwe kazi? Hupati. Sikujui, wala simjui yeyote wa kwenu."

"Hutujui?"

"Siwajui!"

"Usiniambie mimi," alisema Evelina kwa upole. "Mimi ni mtalii tu."

Kituo cha tatu kilikuwa nyumba ya zamani ya Mjerumani, ile iliyokaa kilimani juu ya mji. Njia ya kwenda juu ni mawe na ngazi zilizolika. Shaibu alikwisha kuchemka. Siku nzima, katika filamu yake yote, hana hata picha moja ambapo mwongozaji na wageni wanatazamana. Ana visigino vya Pius, kisogo cha Pius, na kofia ya Pius ikielea. Akatangulia juu, akatega kamera, akatoa amri:

"Sasa nataka picha ya tangazo. Bibi mkubwa atapanda ngazi, Pius utamshika mkono, mtatazamana na kucheka. Halafu basi, tunakwenda kula."

Pius akasimama. "Bosi, wacha nimshike huyu mwingine."

"Namtaka bibi! Mtu akiona hata bibi ametalii, ataona aibu kubaki nyumbani."

"Bosi, mguu wangu..."

"Pius." Shaibu akateremka ngazi mbili. "Tangu asubuhi unamkimbia mama huyu. Mnarani ukajificha, ziwani ukaingia na viatu. Kuna nini kati yenu? Mnadaiana? Ni ndugu yako? Sema, maana nikirudi ofisini nitamuuliza mke wangu, na mke wangu atamuuliza mkeo."

Evelina akaitazama miguu ya Pius. Kama Pius angechuchumaa wakati ule, akachunguza majani yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ni mkwe wangu, basi ingebidi yeye Evelina arudi Kisesa akafute vumbi kwenye kiti cha baba na kuchemsha chai. Kiti kingekuwa halali yake. Na kwa sekunde moja magoti ya Pius yalitaka kweli kuchuchumaa, yalishaanza kukunja. Magoti yana kumbukumbu kuliko kichwa.

Evelina akakohoa. Akasema kwa sauti ya mtu anayemtetea mwenzake:

"Mwacheni jamani. Labda ni mkwewe. Labda ana mke Kisesa na hakutuambia."

Ilikuwa kama kumchoma na sindano ya ng'ombe. Pius akanyooka. Akavua miwani. Akacheka kicheko kile cha hotelini, akapanda ngazi mbili mbili hadi aliposimama Mama Masalu.

"Mkwe gani! Bosi, mimi simjui bibi huyu, sijawahi kumwona popote." Akanyoosha mkono, akaudaka mkono wa bibi kutoka chini ya kanga, akautikisa juu chini kama pampu ya maji, akamtazama machoni. "Shikamoo, bibi! Karibu Mwanza! Cheka kidogo, tunapigwa picha."

Kamera ikalia. Shaibu akasema, "Safi!"

Pius akageuka kumtazama Evelina, akamkonyeza. Aliona ameshinda. Alikuwa ameushika mwamba wote wa Mwanza mkononi.

Mzee Chenge akavua kofia, akajifuta jasho, akavaa tena.

"Mmeona?" akawauliza wauza dagaa.

"Tumeona."

"Amemshika mkono?"

"Amemshika. Tena amemtikisa."

"Amemtazama?"

"Mpaka ndani."

"Vizuri," alisema Chenge kwa sauti ya chini. "Kijana, mwana wa Luhaga, asante kwa matembezi. Ng'ombe wako wamekufa leo. Wa Dorcas nitawapokea mimi, na kwenye kiti cha baba nitakaa mimi, hata kama kimevunjika. Usijisumbue kutuma mtu tena. Huwezi kuwa baba wa mtoto wa mwanamke ambaye mama yake hujawahi kumwona."

Ilimchukua Pius muda. Uliona neno likimwingia sikioni, likishuka kifuani, likifika tumboni na kukaa hapo. Alitazama mkono wake kama si wake. Akafungua mdomo aseme ni utani, alikuwa anatania, nani hajui kwamba huyu ni mama mkwe wake, lakini Shaibu alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amekaza masikio, na nyuma ya Shaibu kulikuwa na mke wa Shaibu, na nyuma ya mke wa Shaibu alikuwa Getruda na padri na kwaya nzima. Akaufunga.

Evelina akavuta pumzi. Wakati wake ulikuwa umefika. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu zamani, ameyakausha kama dagaa na kuyageuza kila siku yasioze: la ndoo, la wapangaji, la usiku aliojifungua na mvua ikivuja juu yake, la penseli. Akaweka mikono kiunoni.

"Pius Luhaga—"

"Ngoja kwanza," alisema Mama Masalu.

Kanga ilikuwa imeshuka mabegani. Uso wa bibi ulionekana wote, mchana, mbele ya mkwe ambaye si mkwe tena, na macho yake yalikuwa yanawaka kama ya msichana. Miaka yote hiyo heshima ilikuwa imemfunga mdomo. Mkwe hatukanwi, hata akimrudisha binti yako na ndoo. Sasa yeye mwenyewe amekuja kwa miguu yake akaufungua.

"Kumbe hunijui," bibi akasema. "Vizuri sana. Nami sikujui. Ndiyo maana naweza kukuambia. Wewe mtoto, una masikio kama mfuko wa mitumba na akili haimo hata moja! Nilikuwekea maziwa, ukajifanya huyanywi, unataka ya kopo. Nilikutunzia kuku kwenye kila sikukuu, nami nikila mlenda jikoni nisikuone ukitafuna. Baba mtu amekufa hukuja hata kurusha bonge la udongo! Unajua aliuliza nini kabla ya kufa?"

"Bibi..." alisema Pius.

"Bibi yako nani? Nimesema sikujui!"

Shaibu akauliza nini kinaendelea. Chenge akamwambia, "Bibi anafurahia matembezi," akamshika bega wakatazama mji.

Bibi alishuka naye kilima kizima, amemng'ang'ania mkono ule ule, akimwambia moja baada ya jingine. Kwenye Haisi akakataa kiti chake, akakaa mbele, bega kwa bega na Pius, akaendelea. Shaibu alikuwa ameahidi kuwapitisha wageni sokoni na stesheni ya reli kabla ya kula, na mwongozaji ilibidi aongoze.

"Hapa ni stesheni," Pius alisema kwa sauti ndogo.

"Naiona. Sasa tuliishia wapi? Enhe, mama yako. Mama yako alikuwa mtu mzuri, sijui wewe alikuokota wapi..."

Nyuma kabisa, katikati ya wauza dagaa waliokuwa wakilia kwa kucheka, Evelina alinyoosha kidole mara mbili, kama mwanafunzi, apewe nafasi. Mama yake hakugeuka. Basi akatoa soda yake kwenye mfuko, akaifungua kwa jino, akatazama nje mji wa Mwanza ukipita.